Jina Lisilo Kazi, Kazi Isiyo Jina

Msomaji mpenzi, kichukue kikombe cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono ambacho wazee wa Mombasa hukinywea barazani wakati wa jioni, ukifudikize juu ya karatasi, kisha uuzungushie mdomo wake kalamu. Duara utakalolipata halitapishana sana kwa ukubwa na picha ninayokusudia kuizungumzia leo. Picha hiyo, ambayo haifikii sentimita tano kwa upana, imehifadhiwa katika Kituo cha Yale cha Sanaa ya Uingereza, mjini New Haven nchini Marekani. Ndani yake yumo mwanamke kijana aliyevaa vazi jeusi mbele ya usuli wa buluu iliyoiva. Kifuani ana bizimu ya dhahabu yenye kichwa cheusi kilichochongwa kwa mtindo wa kale, na nyuma ya bizimu hiyo pamechomekwa maua na majani. Kando ya kichwa chake pana herufi chache za dhahabu zisemazo, kwa Kilatini kilichofupishwa, kwamba huo ni mwaka wa 18.

Basi. Hapana jina la mwanamke, wala hapana jina la mchoraji.

Hata hivyo, tangu mwishoni mwa karne iliyopita wataalamu wengi wamekuwa wakiitaja picha hiyo pamoja na jina la Levina Teerlinc, mwanamke Mflemi kutoka mji wa Bruges, ambao leo umo nchini Ubelgiji. Hawasemi kwamba aliichora. Wanasema kwamba picha hiyo inanasibishwa naye. Ni neno moja tu, na wageni wengi wa majumba ya makumbusho hulipita pasipo kuliona, macho yao yakikimbilia jina. Mimi nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu, na ninadhani kwamba mwalimu na mwanafunzi wake wana mengi ya kujifunza ndani yake kuliko ndani ya jina lenyewe.

Kwanza tuielewe sanaa yenyewe. Katika zama za Mwamko wa Ulaya, zile ambazo vitabu vya historia huziita Renaisansi, miji ya Ghent na Bruges katika nchi ya Flanders ilisifika kwa mafundi wa kutia nakshi vitabu vya sala. Mafundi hao waliweza kuijaza pambizo ya ukurasa kwa maua, vipepeo na nyuso za watakatifu zisizozidi ukucha wa kidole gumba. Katika miaka ya 1520 uso ulianza kuuacha ukurasa. Mflemi mmoja wa Ghent, Lucas Horenbout, alikuwa akipokea mshahara wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza kufikia mwaka wa 1525, na kijipicha cha mfalme huyo kinachonasibishwa naye kimo katika Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge. Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Flanders na Uholanzi mnamo 1604, anasema kwamba hata Hans Holbein, yule Mjerumani mashuhuri, aliufundishwa ufundi huu katika baraza la mfalme na bwana mmoja aitwaye Lucas. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba vijipicha ni sanaa ya Kiingereza, mkubalie nusu. Ilichipuka Uingereza, lakini mbegu ilitoka ng'ambo ya bahari, ikiwa mikononi mwa Waflemi.

Kazi ilifanywa hivi. Kipande cha ngozi ya ndama, iliyoparuzwa ikawa nyembamba kama utando wa kitunguu, kilibandikwa juu ya karata ya kuchezea ili kisijikunje. Ndiyo maana baadhi ya vijipicha, ukivigeuza, hukutazama kwa kopa au shupaza. Rangi zilisagwa, zikachanganywa na maji na ulimbo wa mgunga, ule ule ambao hadi leo hukusanywa Sudan na hata huku kwetu kaskazini, katika sehemu za Turkana na Marsabit. Zilitengwa rangi kwa rangi ndani ya makombe ya kome. Brashi ilikuwa ya manyoya ya kindi yaliyochomekwa katika bua la unyoya wa ndege. Mchoraji alitandaza kwanza tabaka moja sawasawa la rangi ya ngozi, kisha akaujenga uso juu yake kwa vistari na vitone ambavyo jicho tupu halivioni. Hakuweza kufuta sana, kwani kila maji yanapogusa tabaka la chini huliamsha. Kazi ya namna hii humwumbua fundi asiye na mkono uliotulia.

Levina alizaliwa ndani ya kazi hiyo. Baba yake, Simon Bening, alikuwa mmoja wa mabingwa wa mwisho wa unakshi wa vitabu mjini Bruges, naye alikuwa mwana wa mnakshi vilevile, Alexander Bening. Simon hakujaliwa mrithi mwingine wa brashi aliyefikia sifa za binti huyu. Levina aliolewa na George Teerlinc, na katikati ya miaka ya 1540 wote wawili wakavuka bahari kwenda London. Walifika wakati uliofaa. Holbein alikuwa amekufa mwaka wa 1543, Lucas Horenbout akamfuata mwaka wa 1544, na baraza la mfalme likabaki bila mkono wa kuaminika wa kuchora nyuso ndogo.

Hapo ndipo nyaraka zinapoanza kusema, na zinasema kwa sauti kubwa. Mwaka wa 1546 Levina alipewa posho ya pauni 40 kwa mwaka. Holbein alikuwa akipokea pauni 30. Mwaka wa 1551 alitumwa kwenda kumchora Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa binti mfalme tu, tena asiye na hakika ya kesho yake. Elizabeth alipokuwa malkia aliifanya ile posho iwe ya maisha, mwaka wa 1559. Levina aliwatumikia watawala wanne mfululizo: Henry, Edward, Mary na Elizabeth. Watawala hao walipishana katika dini kiasi cha kuchomana moto raia wao, lakini mchoraji wao wakamwacha mahali pake. Aliorodheshwa miongoni mwa wanawake waungwana wa nyumba ya malkia, na akafia Stepney, mashariki ya London, mwezi wa Juni 1576. Nicholas Hilliard, Mwingereza ambaye kila mwanafunzi wa sanaa hii humtaja kwanza, alisubiri hadi 1599 kabla ya kupewa posho ya pauni 40 kama ile ya mama huyu.

Fauka ya hayo, zipo orodha za zawadi za Mwaka Mpya. Ilikuwa desturi kila mtu wa nyumba ya malkia kumletea zawadi siku hiyo, naye malkia kujibu kwa chombo cha fedha, na makarani kuyaandika yote kwa uzani wake. Mwaka wa 1559 Levina alileta sura ya malkia iliyochorwa kwa ustadi juu ya kadi. Mwaka wa 1562 alileta sura ya malkia pamoja na watu wengine ndani ya sanduku lililochorwa, naye akarudishiwa kidau cha chumvi kilichopakwa dhahabu. Mwaka wa 1563 ni kadi tena, na juu yake malkia na watu wengi. Karani hakukosea hata kidau, na ninamshukuru. Ila hakutuambia malkia alikuwa amevaa nini, alisimama wapi, wala picha ilikuwa na upana gani. Lau angeongeza mstari mmoja, huenda makala haya yasingehitajika.

Maana jambo la kustaajabisha, msomaji wangu, ni hili: hapana hata kijipicha kimoja kinachokubaliwa na wote ambacho kina sahihi ya Levina Teerlinc. Hapana hata kimoja ambacho tunaweza kukifuata kwa nyaraka, mkono kwa mkono, kutoka meza yake hadi jumba la makumbusho. Tuna jina lililolipwa kwa miaka 30 bila kazi ya kulionyesha. Upande wa pili tuna vijipicha kadhaa vya miaka ile ile, vya watu wa baraza lile lile, visivyo na mchoraji. Moto uliiteketeza ikulu ya Whitehall mnamo Januari 1698, na hatuwezi kujua ni kadi ngapi za Mwaka Mpya zilizogeuka majivu usiku huo.

Ni kishawishi kikubwa kulichukua jina na kulibandika juu ya picha. Nani asingeshawishika? Hatua yenyewe ina mantiki yake. Kama tunajua kwamba mchoraji mmoja wa vijipicha alikuwa akilipwa na ikulu kati ya 1546 na 1576, na tunavyo vijipicha vya watu wa ikulu vya miaka hiyo, basi yamkini baadhi ni vyake. Neno la kuzingatia hapo ni "baadhi". Levina hakuwa peke yake. Hesabu za Malkia Catherine Parr zinamtaja John Bettes kuwa alilipwa kwa kuchora vijipicha katika miaka ile ile ambayo Levina alifika. Aliyelipwa mara nyingi si lazima awe ndiye aliyechora kila kitu.

Mwaka wa 1983 jumba la makumbusho la Victoria na Albert mjini London lilifanya maonyesho makubwa ya vijipicha vya enzi ya Tudor, yakiongozwa na mwanahistoria Roy Strong. Katika maonyesho hayo kikundi kidogo cha vijipicha visivyo na mwenyewe kilikusanywa pamoja na kuwekwa chini ya jina la Levina. Hoja ilikuwa kwamba vyote vina mkono mmoja: rangi nyembamba iliyolegea, vichwa vikubwa kuliko miili, na mikono myembamba kama vijiti. Kile cha New Haven kilikuwa miongoni mwavyo. Kingine kilikuwa kijipicha cha Bibi Katherine Grey kilichomo katika jumba hilohilo la London. Hiki nyuma yake kina maandishi ya zamani yanayomtaja mwanamke huyo kuwa ni mke wa Earl wa Hertford. Angalau hapo aliyechorwa tunamjua, ingawa aliyemchora hakutajwa.

Njia hii ya kumtambua mchoraji kwa vijambo vidogo si ya kudharauliwa. Mtaliano mmoja wa karne ya 19, Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, alifundisha kwamba mchoraji hujulikana kwa mambo asiyoyafikiria: namna anavyochora ncha ya sikio, au ukucha, au mkunjo wa kiganja. Usoni hujichunga, lakini sikioni hujisahau. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha mia anaielewa hekima hiyo. Mwandiko wa mwanafunzi huutambua hata akiliacha jina lake, na ukiwaona wawili wamenakiliana hukuhitaji shahidi.

Hata hivyo, mwalimu huyo anao mwandiko wa kulinganishia. Amewahi kuona daftari la mwanafunzi lenye jina juu yake. Morelli naye alikuwa na picha ambazo wachoraji wake walijulikana, akaanzia hapo. Kwa Levina hatuna daftari. Tunapokusanya picha kwa kuwa zina mikono myembamba, kisha tukasema kwamba Levina alichora mikono myembamba, kisha tukaipata picha nyingine yenye mikono myembamba tukasema hii nayo ni ya Levina, tumekuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: anazunguka, majani anapata, lakini kamba haimruhusu kuondoka. Kikundi chenyewe chaweza kuwa cha kweli, yaani kazi za mkono mmoja. Lakini kwamba mkono huo ni wa Levina ni hoja ya pili, nayo inahitaji ushahidi wake yenyewe. Walimu wa fasihi wanaijua shida hii. Ni mashairi mangapi yaliyobebeshwa jina la Fumo Liyongo kwa sababu tu ni ya kale na yana fahari?

Sasa tazama jinsi hoja hiyo ilivyogongana na nyaraka. Kigezo kilichotumiwa kumtambua Levina ni udhaifu. Picha zikichechemea katika uchoraji, ndizo zake. Na huyu ni mtu aliyelipwa pauni 40 pale ambapo Holbein alilipwa 30! Ama watawala wanne walikuwa vipofu, ama sisi tumekosea mahali fulani.

Wapo waliojibu upesi kwamba hizo pauni 40 ni ushahidi kuwa Levina alimshinda Holbein. Nami nawaomba wasikimbilie huko. Tangu 1544 Henry alikuwa akiichuja fedha ndani ya sarafu zake na kuichanganya na shaba ili agharimie vita, na bei za vitu zikapanda. Pauni 40 za 1546 hazikununua kile ambacho pauni 40 zingelinunua miaka 10 kabla. Tena Holbein alikuwa akichora watu wengine kwa malipo mbali na ile posho, na Levina alikuwa mtu wa nyumba ya malkia, mwenye kazi za heshima ambazo si za brashi. Mshahara wa ikulu haukuwa alama ya mtihani. Lakini hata ukiipunguza pauni kwa kadiri unavyotaka, hutaweza kuieleza posho ya miaka 30 kwa mchoraji ambaye hakuweza kuchora mkono.

Kuna maelezo mengine ya ule udhaifu, nayo hutoka kwenye hadubini. Wekundu uliotumiwa na wachoraji hawa mashavuni na midomoni aghalabu ulikuwa wa rangi za mimea na wadudu, ambazo mwanga huzila polepole. Nyuso nyingi za Hilliard zilizo nyeupe kama chokaa leo hazikuchorwa hivyo. Damu yake imekaushwa na karne nne za madirisha. Fedha iliyopakwa kuwa mng'aro wa vito imegeuka nyeusi. Na mara nyingi mtu wa baadaye, kwa nia njema, amepita na brashi yake kuifufua picha. Kwa hivyo tunaposema rangi ni nyembamba na uso umelegea, hatuna budi kuuliza kwanza: ulilegea mikononi mwa mchoraji, au ulilegea ukutani? Mtu hamshtaki mwashi kwa paa lililotobolewa na mvua.

Nimesema kwamba picha ya New Haven haina jina la aliyechorwa. Hilo limeleta kizaazaa kingine, nacho kinahusika moja kwa moja na swali la mchoraji. Mwaka wa 1983 Strong alidhani ni Elizabeth kabla ya kutawazwa. Mwaka wa 2007 mwanahistoria David Starkey alitangaza kwamba ni Bibi Jane Grey, yule msichana aliyeitwa malkia kwa siku tisa mwaka wa 1553 na kukatwa kichwa mnamo Februari 12, 1554. Hoja zake zilikuwa mbili: bizimu iliyofanana na pambo lililotajwa katika orodha ya vito vya Jane, na maua aliyoyasoma kuwa ni ishara ya ukoo wa Dudley, ambao Jane aliolewa humo. Magazeti yalishangilia, kwani uso wa kweli wa Jane umetafutwa kwa muda mrefu.

Wengine wakajibu kwa majani yale yale. Miongoni mwa maua hayo pana majani ya mwaloni, na mwaloni kwa Kilatini ni robur, neno linaloupigia hodi mlango wa jina Robert. Robert Dudley alimwoa Amy Robsart mnamo Juni 4, 1550, na Amy alikuwa amezaliwa Juni 7, 1532. Hesabu mwenyewe. Siku ya harusi alikuwa bado siku tatu tu atimize miaka 18. Yaani alikuwa ndani ya mwaka wake wa 18, kama yasemavyo yale maandishi ya dhahabu. Nakiri kwamba hesabu hiyo ilinichangamsha nilipoifanya kwa mara ya kwanza. Kisha nikajionya. Wasichana wangapi wa Uingereza walipitia mwaka wao wa 18 katika karne hiyo, na wangapi walipenda maua?

Angalia sasa jinsi hoja moja inavyoivuta nyingine. Akiwa ni Amy, picha ni ya 1550 au karibu yake. Akiwa ni Jane, haiwezi kuwa ya baada ya Februari 1554, na herufi za dhahabu zinatulazimisha tubishane juu ya mwaka wa kuzaliwa kwake, ambao wenyewe una utata. Tarehe ikihama, orodha ya wachoraji waliokuwa hai na wenye kazi inahama pia. Wanaoliona jina la Jane kuwa limethibitika hulitumia kuthibitisha kwamba mchoraji alikuwa karibu na ikulu, na kwa hivyo ni Levina. Na wanaoliona jina la Levina kuwa limethibitika hulitumia kuthibitisha kwamba aliyechorwa alikuwa mtu wa ikulu, na kwa hivyo yawezekana ni Jane. Ni kuta mbili zilizoegemeana, na kila moja inamwambia mpitanjia kwamba ni mwenzake aliye imara.

Je, basi hapana kitu chochote cha kushika? Kipo, na mimi ningekitafuta mbali na nyuso za wasichana. Kipo kijipicha cha mnamo 1560 kinachoonyesha ibada ya Alhamisi Kuu: Malkia Elizabeth amekuja kuwaosha maskini miguu, huku amezungukwa na umati wa watu wadogo wasiozidi punje za mtama. Kimehifadhiwa katika nyumba ya Madresfield, magharibi mwa Uingereza. Sasa rudi kwenye orodha za Mwaka Mpya. Malkia pamoja na watu wengine, 1562. Kadi yenye malkia na watu wengi, 1563. Sisemi kwamba kadi ya orodha ndiyo hii iliyopo. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Lakini ni hapa ambapo maneno ya karani na kitu kinachoshikika vinakaribiana zaidi, tena katika aina ya picha ambayo ni nadra. Sura ya mtu mmoja ilichorwa na wengi. Umati ndani ya duara dogo ni jambo ambalo binti wa Simon Bening alilelewa akiliona mezani kwa baba yake kila siku, kwani kalenda za vitabu vya sala vya Bruges zimejaa umati wa namna hiyo, wavunaji na wacheza theluji na watu wa sokoni. Kama ningeambiwa nichague mlango mmoja wa kuingilia katika kazi ya Levina, ningebisha mlango huo, kisha ndiyo nirejee kwa wasichana nikiwa na kitu cha kuwalinganisha nacho.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi, tena kwa ukali kidogo, kwa nini ninamnyima mama huyu picha zake. Wanaume waliandikwa, akasema, na wanawake walisahauliwa; sasa mmoja amerudishiwa haki, na mwalimu anadai risiti. Swali lilikuwa zuri na halikunitoka. Ni kweli kwamba dharau ilikuwepo. Mwaka wa 1521 Albrecht Dürer alipokuwa Antwerp alinunua sura ya Mwokozi kutoka kwa Susanna Horenbout, dada yake Lucas, aliyekuwa na umri wa miaka 18 hivi, akaandika katika shajara yake kwamba ni ajabu mwanamke kuweza kufanya kazi kubwa namna hiyo. Alikusudia sifa, lakini sikiliza ni sifa gani! Ni kweli pia kwamba Levina hakuwa amesahauliwa na wenzake. Guicciardini alimtaja katika kitabu chake cha mwaka wa 1567 kuhusu nchi za Flanders na Uholanzi, na Vasari naye akamtaja mwaka uliofuata, kule Italia.

Lakini nilimjibu mwanafunzi huyo hivi, na bado ningemjibu vivyo hivyo. Tazama ni picha zipi alizorudishiwa. Ni zile zilizosemwa kuwa na vichwa vikubwa na mikono ya vijiti. Je, kama zingalikuwa bora, zingalipewa yeye, au zingalipewa mwanamume fulani? Holbein na Hilliard wana watetezi wa kulinda mipaka yao; kila kilicho hafifu hufukuzwa shambani mwao. Levina hana kazi yenye sahihi ya kumlinda, kwa hivyo kila kilichofukuzwa kwingine kinaweza kuingia kwake bila kubisha. Kumpa mtu kapu la kazi zilizokataliwa na majirani zake, kisha kumhukumu kwa kapu hilo kwamba hakuwa fundi, si kumrudishia haki. Ndiyo maana ninadai risiti. Ninaidai kwa niaba yake.

Hapo ndipo lile neno dogo linapopata uzito. Majumba ya makumbusho na wauzaji wa mnada wana ngazi yao ya maneno, na kila kipago kina maana. Jina likisimama peke yake, jumba linachukua dhamana. Wakisema inanasibishwa na fulani, wanakwambia kwamba wanaegemea huko na wanaweza kutoa sababu, lakini hawaapi. Kazi ya karakana yake ni ya wasaidizi waliokuwa chini ya macho yake. Ya mzunguko wake ni ya mtu aliyekuwa karibu naye. Ya mfuasi wake huenda hakuwahi kumwona. Na iliyotolewa kwake ni nakala. Kushuka kipago kimoja katika mnada ni hasara kubwa ya fedha, na ndiyo sababu picha nyingi duniani hupanda ngazi hiyo kwa urahisi na kushuka kwa kulalamika. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi wake picha kitabuni angefanya vyema kuwasomesha kwanza lile neno lililotangulia jina, kisha kuwauliza: ni nani aliyenasibisha, lini, na kwa kulinganisha na nini?

Kazi haijasimama. Wataalamu wa vijipicha, hasa wale wa London, sasa huitazama rangi chenyewe kwa chenyewe: tabaka la ngozi lilitandazwa nene au jembamba, vistari vilielekea wapi, buluu ya nyuma ilimiminwa au ilipigwa brashi, dhahabu iliwekwa kabla au baada. Haya ni mambo ambayo fundi huyajifunza utotoni na hayabadilishi. Yanaweza kutuambia kama kijipicha cha New Haven na kile cha Katherine Grey vilitoka meza moja. Jina la mwenye meza hayawezi kutuambia.

Baba yake Levina alituachia kitu cha aina hiyo. Mwaka wa 1558 Simon Bening alijichora mwenyewe, mzee ameketi kando ya dirisha, miwani yake mkononi, na ubaoni mbele yake pana picha ya Bikira na Mwana ambayo hajaimaliza. Chini yake akaandika kwa Kilatini kwamba ni Simon Bening, mwana wa Alexander, aliyejichora akiwa na umri wa miaka 75. Nakala moja imo London, nyingine New York. Mistari miwili tu, na hakuna mtu aliyewahi kubishana naye.

Wakati huo binti yake alikuwa London, akichora kwa ajili ya ikulu. Januari 1576, miezi michache kabla hajafa, karani aliandika tena jina lake katika orodha ya zawadi. Alikuwa ameleta sura ya malkia, juu ya kadi.